QEMU kwa anayejenga mfumo endeshi wake: inasema mengi, inasamehe mengi mno

Nianze na hukumu, asiye na muda aondoke nayo. Kama unaandika mfumo endeshi wako mwenyewe, ule wa kuwaka peke yake bila Linux wala Windows chini yake, QEMU ndiyo programu ya kusakinisha mara tu baada ya kompaila. Naipa nyota nne kati ya tano. Hiyo moja niliyoibana nina sababu nayo, na nitaieleza kwa kirefu, maana sifa za QEMU zimeimbwa na kila mtu, lakini kasoro yake kubwa watu huijua siku wanapohamishia kazi yao kwenye kompyuta halisi.

Anayesema ni nani? Mchana naandika programu za uhasibu. Kosa la senti moja huko lina barua pepe zake. Usiku nina Kobe. Kobe ni kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya biti 64, sehemu kubwa C, na asembli, lugha ya maagizo ya prosesa yenyewe, pale ambapo C haifiki. Inawaka kwa BIOS ya zamani na kwa UEFI (programu za ndani ya mashine zinazouanzisha mfumo), inagawa kumbukumbu, inapokezanisha programu chache kwenye prosesa moja, inasoma kibodi na inafungua faili kwenye diski ya FAT32. Haina intaneti, haina sauti, haina madirisha, na sina mpango wa kuviweka. Kwa hiyo usitarajie hapa tathmini ya mtu anayetumia QEMU kuendesha seva za kazini. Hao wana mahitaji yao na wana watu wa kuwaandikia.

QEMU ni emuleta, yaani programu inayoigiza kompyuta nzima: prosesa, kumbukumbu, diski, saa, kibodi, kadi ya picha. Fabrice Bellard, Mfaransa yuleyule aliyeanzisha FFmpeg, aliitoa mwaka 2003, na mpaka leo ni programu huria isiyolipiwa. Inaigiza x86, ARM, RISC-V na nyingine nyingi. Mimi nakaa kwenye x86, basi yote nitakayosema yahusu huko. Usipoiambia kitu inakupa mashine yenye kumbukumbu ya MB 128 na ubao mama unaoiga i440FX, chipu za Intel za mwaka 1996. Usicheke. Kwa kerneli changa, ubao wa 1996 ni rahisi kuliko wa leo, na Kobe yote na takataka zake haijawahi kuifikia hata robo ya hiyo MB 128.

Faida ya kwanza inaonekana ndogo: diski ni faili. Mwaka 1991 Linus Torvalds, akiwa katikati ya kujenga Linux, alikusudia kupiga simu kwa modemu, na badala yake amri za kupiga simu zikaandikwa moja kwa moja kwenye diski yake, zikaharibu ile sehemu ya Minix, mfumo endeshi aliokuwa akifanyia kazi yake. Enzi hizo badiliko dogo la kerneli lilimaanisha kuizima mashine ileile uliyoandikia na kuiwasha tena. Leo Kobe ikiivuruga FAT32, nafuta picha ya diski, naiunda upya kwa amri moja, na kompyuta yangu haijui hata kama kuna lililotokea. Ila andika `format=raw` kwenye amri yako. Usipoandika, QEMU itakisia yenyewe aina ya faili, itakuonya, na itaweka masharti juu ya kuandika sekta ya kwanza ya diski. Mtu wa kawaida anashukuru ulinzi huo. Anayejenga mfumo unaojisakinisha wenyewe anaikusudia sekta hiyohiyo.

Lakini nyota zile nne zimepatikana kwingine.

Prosesa ya x86 ikikutana na jambo isiloliweza, mathalani kuandika kwenye anwani isiyokuwamo katika majedwali ya kurasa (orodha zinazoiambia prosesa kila anwani iko wapi kwenye kumbukumbu), huiita kazi uliyoiandaa kushughulikia hitilafu hiyo. Ikishindwa kuifikia, huita kazi ya namba 8, ambayo ipo kwa ajili ya hitilafu ndani ya hitilafu. Hiyo nayo ikishindikana, prosesa hukata tamaa na mashine hujiwasha upya. Kwenye kompyuta halisi unachokiona ni nembo ya mtengenezaji, skrini nyeusi, nembo tena, skrini nyeusi tena. Kerneli yako imekufa kikondoo. Hakuna ujumbe, hakuna namba, hakuna pa kuanzia.

Kwenye QEMU unaandika hivi:

`qemu-system-x86_64 -drive file=kobe.img,format=raw -d int,cpu_reset -D logi.txt -no-reboot`

`-no-reboot` inaizuia isijiwashe upya, na `-d int` inaandika kila hitilafu na kila hodi ya kifaa. (Ndiyo, nitaita hodi. Kifaa kinapotaka kusikilizwa na prosesa kinabisha, na prosesa inaacha ilichokuwa ikifanya.) Fungua logi hiyo, nenda mwisho kabisa, kisha panda juu taratibu. Nitakuonyesha mfano mmoja wa Kobe, maana ndipo utaona kwa nini siwezi kuiacha programu hii.

Juu kabisa ya rundo la mwisho kulikuwa na mstari wenye `v=0e e=0002`. Hiyo `0e` ni 14, hitilafu ya ukurasa. `e=0002` ina habari tatu ndani yake: ukurasa haupo, kilichojaribiwa ni kuandika wala si kusoma, na aliyeandika ni kerneli yenyewe, si programu ya mtumiaji. Kwenye mstari huohuo kuna `pc`, anwani ya agizo lililokuwa likitekelezwa, na `CR2`, anwani iliyotafutwa ikakosekana. CR2 ilikuwa baiti 8 tu chini ya mwanzo wa staki ya kerneli, eneo la kumbukumbu ambamo kazi za kerneli huweka vitu vyake vya muda. Hapo jibu limeshapatikana: staki imejaa, agizo la kusukuma thamani moja zaidi likatumbukia nje. Lakini ona kinachofuata. Mstari wa pili unasema `check_exception old: 0xe new 0xe`. Maana yake, prosesa ilipotaka kuita kazi ya kushughulikia ukurasa ilihitaji kwanza kuhifadhi hali yake, na inahifadhi wapi? Kwenye staki ileile iliyojaa. Ikapata hitilafu ya ukurasa juu ya hitilafu ya ukurasa, ikaenda namba 8, ambayo nayo ilihitaji staki. `check_exception old: 0x8 new 0xe`. Kisha maneno mawili: `Triple fault`.

Kifo chote kimeandikwa kwa mistari michache, kwa mpangilio wake. Dawa nayo inajitaja: namba 8 ipewe staki yake yenyewe, ambayo x86 ya biti 64 inairuhusu kupitia muundo uitwao TSS. Tangu nifanye hivyo staki ikijaa Kobe inachapisha ujumbe na kusimama, badala ya kuzimia.

Namba 8 ina kisa kingine, na hiki humpata karibu kila anayeanza. Intel ilihifadhi namba 0 mpaka 31 kwa ajili ya hitilafu za prosesa. IBM, ilipotengeneza PC yake, ikapeleka hodi za vifaa kwenye namba 8 kwenda juu, na ya kwanza kati yake ni hodi ya saa. BIOS mpaka leo inakuachia mpangilio huo. Basi mtu anaandika majedwali yake vizuri kabisa, anaruhusu hodi kwa agizo la `sti`, na papo hapo kerneli inalalamika kuwa kuna hitilafu ndani ya hitilafu. Anapekua staki, anapekua kurasa, anapekua kila alichoandika wiki hiyo, na hakuna kilichoharibika. Ni saa imebisha. Kwenye logi ya QEMU kuna mstari unaotangulia: `Servicing hardware INT=0x08`. Hitilafu halisi haiji na mstari huo. Ukiuona, acha kupekua, nenda ukahamishe namba za kidhibiti cha 8259 kwenye poti 0x20 na 0xA0, kwa kawaida hadi 32 kwenda juu, na umemaliza.

Lipo la kulalamikia hapa pia. Mwanzo wa logi unakuwa umejaa mistari ya `SMM: enter` na rejista chungu nzima, inayotokana na SeaBIOS, ile BIOS inayokuja na QEMU, ikifanya mambo yake kabla kerneli yako haijaguswa. Mgeni anadhani ni yake. Ongeza `-machine smm=off` na kelele hiyo inakwisha. Kwa nini jambo la faida namna hii unalipata kwa kuulizia badala ya kulikuta ukurasa wa kwanza wa mwongozo, sijui. Mwongozo wa QEMU ni msitu. Njia ya kuunganisha diski moja utaikuta imeandikwa kwa namna tatu nne, za zamani na mpya zimechanganyika, na zote zinafanya kazi kiasi cha kukuchanganya.

Dibaga, chombo cha kuichunguza programu ikiwa inakwenda, nitaipitia kwa haraka. Ukiongeza `-s -S` QEMU inasimama kabla ya agizo la kwanza na kusubiri dibaga ya GDB kwenye poti 1234, na kuanzia hapo unatembea agizo baada ya agizo ndani ya kerneli yako kama programu nyingine yoyote. Nzuri sana, isipokuwa pale kerneli inapovuka kutoka biti 32 kwenda 64: GDB inakosa mwelekeo na kulalamika kuwa jibu la rejista ni refu kuliko ilivyotarajia. Unakata muunganisho, unaitajia aina mpya ya prosesa, unaunganisha upya. Inaudhi, haiui. Na pale ambapo sitaki dibaga nzima, amri za ndani za QEMU zinatosha: `info registers`, na hasa `info mem`, inayokuonyesha anwani zipi zimepangiwa kumbukumbu na kwa ruhusa gani. Mara nyingi ukiisoma hiyo unakuta eneo la kerneli limeachwa wazi kwa programu za mtumiaji, jambo ambalo hakuna jaribio lolote lingelilalamikia.

Majaribio. Hapa ndipo watu wengi wanaojenga kerneli wanaponishangaza: wanaipima kwa kuitazama. Inawaka, inaandika salamu, wanaridhika. Kerneli inaweza kupimwa kama programu yoyote, na QEMU ina kifaa kidogo kwa kazi hiyo ambacho hakipo kwenye kompyuta yoyote duniani: `isa-debug-exit`. Unakipachika hivi, `-device isa-debug-exit,iobase=0xf4,iosize=0x04`, na kuanzia hapo kerneli ikiandika namba kwenye poti 0xf4, QEMU inafunga na kurudisha namba hiyo kwa aliyeiita. Inairudisha ikiwa imezidishwa mara mbili na kuongezwa moja, kwa hiyo sufuri, ambayo kila mahali ndiyo ishara ya mafanikio, haiwezi kupatikana kabisa. Mimi naandika 0x10 kwa mafanikio, inarudi 33, na hati yangu ya kujenga imefundishwa kuwa 33 ni heri.

Pamoja nayo, poti ya siriali ya 0x3F8 naielekeza kwenye terminali kwa `-serial stdio`, dirisha nalizima kwa `-display none`, na Kobe inapimwa bila mtu kuitazama: gawa kumbukumbu elfu kadhaa, rudisha kwa mpangilio wa ovyo, hakiki kuwa idadi ya kurasa huru ni ileile ya mwanzo, fungua faili, lifunge, lifungue tena, anzisha programu na kuiua ikiwa katikati ya kusoma kibodi. Kila jaribio linaandika jina lake na neno moja kwenye siriali. Ikikwama, amri ya `timeout` ya Linux inaiua. Yote huisha kabla chai haijapoa, na ni kitu ninachokifanya kila ninapobadilisha kitu, hata kikiwa kidogo kiasi gani. Hapa QEMU haina mpinzani ninayemjua. Kama ningekuwa naitathmini kwa majaribio pekee, ingepata tano.

Sasa hiyo nyota iliyobaki mkononi.

QEMU inasamehe. Inasamehe kwa upole ambao hakuna mtengenezaji wa kompyuta aliyewahi kuwa nao, na kerneli iliyolelewa ndani yake peke yake huwa na tabia ambazo hazivumiliki nje.

Chukua kumbukumbu. QEMU inaomba kumbukumbu yake kutoka kwa mfumo unaoiendesha, na mfumo huo huitoa ikiwa imejaa sufuri. Kwa hiyo kila kigeu cha C kilichotangazwa nje ya kazi na ambacho hakijapewa thamani ya mwanzo kinaanza na sufuri, kama C inavyoahidi, hata kama butiloda, programu inayoipakia kerneli, haijafanya lolote kuitimiza ahadi hiyo. Kwenye mashine halisi kumbukumbu ina mabaki: ya BIOS, ya umeme, ya mfumo uliokuwamo kabla ya kuwasha upya. Butiloda isiyosafisha eneo la `.bss`, linalobeba vigeu hivyo, itafaulu kwenye QEMU maisha yake yote na kuanguka kwenye laptopu siku ya kwanza. Dawa rahisi ni kuijaza kumbukumbu yote huru kwa takataka za makusudi kabla kerneli haijaanza; mimi naijaza baiti 0xCC. QEMU ingeweza kunifanyia hili kwa chaguo moja. Sijalikuta.

Au chukua muda. Diski ya ATA inataka, baada ya kuichagua, uipe nanosekunde 400 kabla ya kuamini inachokujibu, na baada ya hapo usubiri mpaka iizime biti ya kusema ina kazi. Diski ya QEMU iko tayari kabla hujamaliza kuuliza. Msimbo usiosubiri chochote unapita bila hata mkwaruzo.

Lakini kisamehevu kikubwa kuliko vyote ni hiki, na sijaona wengi wakikizungumzia. QEMU haitekelezi agizo moja moja la kerneli yako. Injini yake, TCG, inachukua kipande cha maagizo mfululizo mpaka penye mruko, inakitafsiri chote kuwa maagizo ya prosesa yako halisi, inakihifadhi na kukiendesha. Ndiyo siri ya kasi yake. Lakini hodi za vifaa inaziangalia mwanzoni mwa kipande, si katikati. Fikiria sasa foleni ya kazi zinazosubiri zamu. Kuongeza kazi mpya ni kusoma mkia wa foleni, kuandika kiungo, kusogeza mkia: maagizo machache yaliyonyooka, bila mruko, ndani ya kipande kimoja. Kwenye prosesa halisi saa inaweza kubisha kati ya agizo lolote na jingine, kipanga zamu kikaamka, kikaigusa foleni ileile iliyokuwa nusu imeunganishwa, na kazi moja ikapotea isionekane tena. Kwenye TCG hodi hiyo haiingii hapo. Unaweza kusahau kufunga hodi kuzunguka foleni hiyo, ukaendesha majaribio usiku kucha, na yote yakarudisha 33.

Ndivyo ilivyo pia kwa lile eneo la baiti 128 chini ya kilele cha staki ambalo kompaila za x86 za biti 64 hulitumia bila kulitangaza. Hodi ikiingia katikati ya kazi fupi, prosesa inaandika juu ya baiti hizo. Kerneli kama Kobe hujengwa kwa `-mno-red-zone` kwa sababu hii. Anayeisahau hapati adhabu ya haki kutoka kwa TCG. Anapata adhabu ya nadra, isiyorudiwa, na mwisho anamsingizia kompaila.

Dawa zipo, na niseme wazi kuwa zimo ndani ya QEMU yenyewe, ndiyo maana nimebana nyota moja wala si mbili. Ya kwanza ni `-accel tcg,one-insn-per-tb=on`, inayolazimisha kila kipande kiwe agizo moja tu. Hapo hodi zinaweza kuingia popote. Kasi inaanguka vibaya, lakini kwa majaribio ya usiku inafaa. Ya pili ni KVM, njia ya kuendesha kerneli yako juu ya prosesa halisi kwa msaada wa Linux, iliyoingia kwenye Linux 2.6.20 mwaka 2007. Kwa `-accel kvm` hodi zinaingia ovyo kama kawaida ya prosesa, na kasi inapanda. Unachopoteza ni ile logi niliyoisifia: `-d int` inanyamaza, kwa sababu sasa anayetekeleza maagizo ni prosesa, si QEMU. Basi mimi naendesha majaribio yaleyale mara mbili, kwanza TCG kisha KVM. Yakifaulu kwa kwanza na kuanguka kwa pili, najua mara moja nitafute wapi: foleni, kufuli, au kitu kinachotegemea muda.

Wapo watakaoniambia nitumie Bochs. Naitumia, kidogo. Bochs inatafsiri agizo moja moja, ina ukali ambao TCG haina, mathalani inahakiki mipaka ya segmenti ambayo TCG inaipuuza, na dibaga yake ina kitu kitamu: ukiandika `xchg bx, bx` popote katika asembli yako, agizo lisilofanya lolote, Bochs inasimama hapo, mradi umeiruhusu kwenye mipangilio yake. Kwa anayehangaika na baiti 512 za kwanza, pale anwani 0x7C00, biti 16, hakuna kurasa, hakuna chochote, naipendekeza kuliko QEMU. Ukishavuka kwenda biti 64 na majaribio yakawa mengi, inakuwa polepole mno.

Na hakuna kati ya hizo inayoziba nafasi ya mashine halisi. Nina laptopu moja kuukuu kwa kazi hiyo, haina diski ndani, inawaka kwa flashi tu. Kobe ilipowaka humo kwa UEFI mara ya kwanza, kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa maandishi: yalilala upande, mstari wa chini umesogea kuliko wa juu, mpaka chini kabisa ikawa michirizi. Skrini ile ina pikseli 1366 kwa upana, lakini kadi ya picha inahesabu 1376 kwa kila mstari, kumi za mwisho hazionekani. UEFI inazitoa namba zote mbili. Kerneli inapaswa kutumia ya pili. Kwenye QEMU upana ni namba kama 1024 na hesabu ya mstari ni ileile, kwa hiyo ukitumia yoyote picha inanyooka. Laptopu hiyo pia haina poti ya siriali, basi ujumbe wote niliouzoea kuusoma kwenye terminali ulibidi uwe na njia ya pili ya kufika kwenye skrini. Ukijua kuwa siku moja utahamia huko, jenga njia hiyo mapema, kabla skrini haijawa kitu pekee ulichonacho.

Nani asihangaike na QEMU? Anayeandika kwa ajili ya ubao mmoja mdogo wa ARM ambao QEMU haiuigi, au inauiga nusu. Huyo ubao wake ukiwa mezani na waya wa siriali umechomekwa, atafika haraka zaidi.

Wengine wote isakinisheni, na mkisakinisha angalieni namba ya toleo. Linux za zamani zinakuja na QEMU ya miaka kadhaa nyuma, na `one-insn-per-tb` imeanza na 8.1. Kabla ya hapo chaguo hilo liliitwa `-singlestep`, jina ambalo lilinifanya nidhani ni la dibaga na kulipita bila kuligusa.